Kilo Mia Tatu na Kumi

Mzigo wa mwenzio, husema watu, ni kanda la usufi.
Wa Bohdana Šírová nimeubeba miaka thelathini na minane
na usufi wenyewe bado sijauona.

Mimi ni mfunga makreti. Sanaa siijui.
Najua pembe ipi huvunjika kwanza,
najua sponji, mbao za msonobari, skrubu sitini,
na barabara ya kando ya Jizera inapoota barafu.

Alianza na vifungo. Baba yake alivipiga chapa jikoni,
vya makoti, vya blauzi, kumi na viwili kwa kadi,
na mtoto akavishona kwenye kadi
hadi ncha za vidole zikafa ganzi.
Kisha kiwandani: kuchonga kulungu juu ya bilauri,
kulungu yuleyule, pembe zilezile, miaka sita,
mpaka siku moja akamchonga kulungu aliyewapa kisogo wanywaji.
Wakamkata mshahara.

Akajenga tanuri nyuma ya banda la mbuzi.
Kioo chake hakipulizwi. Huyeyuka polepole ndani ya kalibu ya plasta,
kazi isiyodai pumzi, yadai kalenda:
siku mbili kuwaka,
siku sabini kupoa.
Ukikifungua mapema hakigombi, kinanyamaza,
halafu usiku wa manane, mezani, peke yake,
pa!
Tisa vya mwanzo vilipasuka hivyo.
Vipo mpaka leo kule uani; kuku huviotea jua.

Baba akafa Novemba.
Februari akaja karakana kwangu: "Vendelín, vua glavu."
Nilikuwa kijana. Nikadhani ni mapenzi.
Akanipaka mafuta mkono wa kulia, akauzamisha kwenye plasta,
nami nikakaa saa nzima nikitazama nywele zake
zilizojaa unga mweupe, nisithubutu kujikuna pua.
"Wa baba sikuwahi kuuona vizuri," akasema.
"Haukutulia."

Sasa mtaiona wenyewe:
bonge la kijani, kijani cha chupa ya zamani,
refu kama mlango wa kabati.
Nyuma kuna shimo tu, umbo la kiganja na vidole.
Lakini simama mbele, na shimo linajaa,
mkono unakujia kutoka ndani, mnene, na mishipa yake,
ukienda kushoto nao waenda kushoto,
ukiondoka unabaki ukikuangalia, kama mkono waweza kuangalia.
Akaiita Jumapili.

Imefika Brno, Rotterdam, Osaka.
Yule profesa aliyesema kioo ni pambo la kabati la bibi
alikuja kuandika kitabu kizima cha kuisifu, na picha yake mwenyewe mbele.
Kibandiko ukutani husema: mkono wa baba.
Watu hulia. Niliona mzee mmoja wa Osaka akivua kofia.
Mimi husimama mlangoni na bisibisi mfukoni,
na mkono wangu wa kulia nauficha mgongoni,
sijui kwa nini. Hakuna ambaye angeufananisha.

Siku hizi hasagi tena. Vumbi la msasa limemkaa mapafuni,
akipanda ngazi anapumzika kila kipandio cha tatu
na kusingizia anatazama dirisha.
Amerudi kwenye vifungo; anavitengeneza kimoja kimoja,
havifanani, havimfai mshonaji yeyote.

Jana Jumapili ilirudi nyumbani. Nikafungua kreti,
naye akiwa kwenye kiti, blanketi magotini.
Nikazunguka nyuma. Nikaingiza mkono.
Haukuingia.
Vifundo vimevimba, kidole cha shahada kimepinda kama msumari mbaya,
na kijana yule wa Februari amelala mle, laini, hana hata kovu,
hajabeba kitu bado.

Bohdana akacheka, kikohozi kikamkatiza.
"Kumbe wewe ndiye ulipasuka," akasema.
Kisha: "Skrubu ngapi?"
Sitini.
"Basi funga. Kuna mvua."